Upepo kwenye breki una kosa gani?

Pedali ya breki ikiwa laini kama sponji, fundi yeyote wa mtaani atakuambia, "Hiyo ina upepo." Yuko sahihi. Ninapofundisha vijana haidroliki, yaani kusukuma vitu kwa nguvu ya kimiminika, nawarudishia swali: upepo una kosa gani ambalo mafuta hayana?

Wengi wetu tulikaririshwa shuleni kwamba kimiminika hakigandamiziki. Kinagandamizika, ila kwa shingo upande. John Canton alilionyesha hilo kwa maji tangu 1762. Ukaidi huo wa kimiminika hupimwa kwa moduli ya ujazo: chukua shinikizo uliloongeza, gawanya kwa sehemu ya ujazo iliyopungua. Maji yana gigapaskali 2.2 hivi. Hewa ya kawaida ikibanwa taratibu ina kama paskali 100,000 tu, yaani ni laini kuliko maji zaidi ya mara 20,000.

Tuingie uvunguni mwa gari. Kuna mililita 200 za mafuta ya breki, moduli tuseme gigapaskali 2 (megapaskali 2,000), na umekanyaga mpaka shinikizo likafika megapaskali 7. Saba kwa elfu mbili ni asilimia 0.35, kwa hiyo mafuta yamepungua mililita 0.7. Pistoni ya silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, yenye kipenyo cha sentimita 2 inasogea milimita 2 na kidogo kufidia. Kwa pedali ya uwiano wa 4 kwa 1, yaani mguu husogea mara nne ya pistoni, mguu umeshuka milimita 9.

Sasa acha humo kiputo cha mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Kwa shinikizo lile lile kinabaki chini ya mililita 0.1. Pistoni inadaiwa milimita 16 zaidi, na mguu zaidi ya sentimita 6. Pedali imegusa zulia, gari bado linakwenda.

(Malori yana breki za upepo, najua. Kule kuna kompresa na matenki, na hewa imepangiwa kazi yake.)

Ninachokiogopa zaidi ni upepo unaozaliwa humo humo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishalowa, kiwango hicho ni 155. Shuka mlima Kitonga ukiwa umekanyaga breki njia nzima, yatachemka kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana breki gurudumuni, na mvuke unabanwa kama hewa tu. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inakuwa ngumu tena, na fundi akikagua hakuti kitu.