"Hita sijawahi kuiwasha, itatobokaje?"

Zulia la upande wa abiria limelowa, kioo cha mbele kinashika ukungu hata jua likiwaka, na jerikeni la maji limekuwa abiria wa kudumu nyuma ya kiti. Fundi anamwambia mwenye lori kwamba rejeta ya hita inavuja, yaani kile kirejeta kidogo ndani ya dashibodi kinachopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha hewa ya kebini, naye anajibu kama walivyojibu wenzake wote hapa Uganda, kutoka Mbale hadi Ntungamo: hita yenyewe hajawahi kuiwasha tangu anunue gari, itatobokaje? Kisha anaomba izibwe tu, ajaze maji, aende zake.

Imetoboka kwa sababu haijawashwa.

Kwenye malori mengi ya zamani valvu ya hita iko kwenye mpira mmoja tu, ule unaoleta maji ya moto kutoka kwenye injini. Mpira wa kurudishia uko wazi muda wote kuelekea pampu ya maji. Kwa hiyo ukisukuma kile kishikio cha dashibodi upande wa baridi hujaikausha rejeta ya hita, umeyafungia maji humo ndani yasitembee. Miaka inapita, maji ni yaleyale. Kutu inayobanduka kwenye bloku, mchanga, magamba ya chokaa na mabaki ya dawa za kuziba alizotia mwenye gari wa kwanza, vyote vinakuja kutua hapo kwa sababu hapo maji yametulia. Chini ya tope hilo dawa ya kuzuia kutu haifiki, na ndipo shimo linapoanza kuchimbika. Ukuta wa mrija wa rejeta ya hita haufiki nusu milimita, kwa hiyo shimo halina safari ndefu.

Ukitaka ushahidi, ipasue ile ya zamani baada ya kuitoa. Mara nyingi mirija ya juu ni mizima, ya chini imejaa uji wa kahawia, na tundu, dogo kama ncha ya sindano, liko huko huko kwenye uji.

Nusu ya pili ya kosa ni maji yenyewe. Watu wameshikilia kwamba kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu, na kwamba huku kwetu "maji ni maji". Barafu hatuna, sawa. Lakini kulanti inabeba dawa ya kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, na hayo mawili tunayahitaji kuliko mtu wa Ulaya mwenye gari la kwenda ofisini. Maji ya kisima cha kupampu mara nyingi yana chokaa na chumvi. Ya bomba yana klorini. Yakipashwa moto kila siku bila dawa yanakula shaba, lehemu na aluminiamu, na chuma cha bloku kinaoza kuwa lile tope. Kwenye dizeli ambazo laina zake (mikebe ya chuma ambamo pistoni hutembea) zinaguswa na maji, hasara inakwenda mbali zaidi: laina hutetemeka kila silinda inapopiga, vipovu vinazaliwa na kupasuka juu ya uso wake, na maji matupu hayana cha kuikinga. Laina inatobolewa kwa nje mpaka maji yanaingia kwenye oili. Mtu aliyebania pesa ya kulanti anafungua injini.

Kipimo ni nusu kwa nusu. Mfumo wa lita 14 unataka lita 7 za kulanti. Baada ya kusafisha, maji kadhaa hubaki ndani ya bloku hata ukifungua koki zote, kwa hiyo mimina kwanza lita 7 zote za kulanti, halafu ndipo ujazie maji. Wengi hufanya kinyume, wakajaza maji, wakakuta kulanti haina pa kuingia. Maji yawe yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, na usome chupa vizuri, maana kwenye rafu lilelile kuna chupa ya asidi inayofanana nayo. Ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa vizuri na kuchujwa kwa kitambaa ni bora kuliko ya kisima.

Rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu au buluu ni uamuzi wa mtengenezaji, si kipimo cha ubora wala cha aina. Soma maandishi: kama lori lako lina rejeta za shaba na lehemu, tafuta kulanti inayosema inafaa kwa metali hizo na kwa dizeli, na usichanganye aina mbili. Ile ya aina ya zamani, mara nyingi ya kijani, ibadilishwe kila miaka 2, hata kama gari limekaa uani.

Halafu kuna umeme, ambao karibu hakuna anayeuuliza. Lori la zamani limefungwa taa za ziada, redio na chaja, na kila fundi wa waya amechukua athi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari, pale alipoona bolti. Ikiwa waya wa athi wa injini umeoza, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi betri, na mojawapo ni kupitia maji hadi kwenye rejeta. Rejeta ya namna hiyo hutoboka upya ndani ya miezi michache, kisha duka linalaumiwa kwamba limeuza feki. Pima. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko, uiwashe pamoja na taa zote, mita ya umeme iwe kwenye volti za DC. Waya mweusi ushike hasi ya betri, mwekundu uingie ndani ya maji bila kugusa chuma. Ukisoma chini ya 0.1 uko salama. Ukifika 0.3, usifunge rejeta mpya kabla ya kusafisha athi ya injini, ya kebini na ya fremu, kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Zima kitu kimoja kimoja ukiangalia mita. Kile kinachoishusha ndicho chenye athi mbaya. Kama namba haishuki hata kila kitu kikiwa kimezimwa, maji yenyewe yamechoka, yamwage.

Na ushauri wangu nisioacha kuurudia: kila wiki, injini ikiwa moto, sukuma kishikio hadi mwisho wa moto kwa dakika 10. Fungua madirisha kama joto linakukera. Valvu haitagandamana, maji yatazunguka, tope halitapata pa kulala.

Kisha yako madai mengine ninayoyasikia, nayajibu moja moja. "Uganda hakuna baridi, ziba mipira tuachane nayo." Mwambie hayo dereva anayeteremka na viazi kutoka Kisoro alfajiri, mvua inanyesha na kioo cha mbele ni cheupe. Hita ndiyo inayokausha ukungu huo. Bado, nakubali kwamba mtu anaweza kukwama bila vipuri, na kuruka hita kwa muda si dhambi. Tatizo ni namna inavyofanywa: mpira unakunjwa na kufungwa kwa waya au kwa ukanda wa tyubu. Mpira uliokunjwa hupasuka penye mkunjo, na hupasuka mlimani, presha ikiwa juu. Kuchomeka kipande cha mti ni vibaya zaidi. Isitoshe, injini nyingine zinategemea mzunguko huo ili maji yapite wakati thamostati (valvu inayofunguka injini ikishapata joto) bado imefunga. Unganisha mpira wa kupeleka na wa kurudishia kwa kipande cha bomba la shaba chenye kipenyo kilekile, klipu kila upande. Maji yaendelee kuzunguka.

"Inavuja kidogo tu, naongeza maji." Hapa si suala la maji yaliyopungua, ni presha iliyopotea. Kila mita 300 za mwinuko hushusha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1. Kampala, takriban mita 1,200, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Kifuniko kizima cha rejeta chenye alama ya 0.9, yaani presha ya bar 0.9, huongeza nyuzi kama 20 juu ya hapo, na ndicho kinachokupandisha mlima salama. Tundu la sindano kwenye rejeta ya hita linaiachia presha yote hiyo, basi maji yanachemka wakati mshale wa joto unaonekana wa kawaida kabisa. Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, ndiyo inayolipa. Na kama umeshatia kulanti, mvuke unaoingia kebini hauna afya, wala usiache kidimbwi chake chini ya gari, kwani ni tamu na ni sumu kwa watoto na kwa mbwa.

"Tia unga wa manjano, tundu litaziba." Au ute wa yai, au dawa ya kopo. Kinachoziba tundu kitaziba pia mirija mizima ya hita, na kwenye dizeli kitaziba kipoza oili, chenye njia nyembamba vilevile. Hapana.

"Zulia limelowa, basi ni rejeta ya hita." Si lazima. Likilowa baada ya mvua peke yake, angalia mpira wa kioo cha mbele. Maji yakiwa baridi na safi na gari lina AC, bomba lake la kutolea maji limeziba. Kabla ya kung'oa dashibodi shika valvu ya hita na miisho ya mipira kwa karatasi kavu injini ikiwa moto. Klipu iliyolegea huteremsha maji mahali palepale. Wenye pampu ya kupimia presha waiweke kwenye shingo ya rejeta, wasipite namba ya kifuniko, wasubiri dakika 15. Usitegemee harufu tamu. Hiyo ni ya kulanti, na anayetumia maji matupu hatanusa kitu zaidi ya uvundo wa zulia.

"Haichomeleki." Inategemea. Za shaba mafundi wa Katwe, Kampala, wanazilehemu vizuri, mradi mirija haijaoza kote. Ipimwe ndani ya beseni la maji kwa upepo usiozidi paundi 15. Ukiipiga upepo wa kujazia tairi unaipasua mwenyewe. Ya aluminiamu yenye vikombe vya plastiki usipoteze muda nayo, wala usikubali gundi.

Ukinunua iliyotumika Kisekka, kwenye soko la vipuri Kampala, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha urefu, upana, unene, kipenyo cha bomba (mara nyingi ni milimita 16 au 19) na pembe inakotokea. Lori lililokuja kutoka Ulaya, usukani kushoto, linaweza kuwa na mabomba upande tofauti na la Japani hata jina likiwa lilelile. Ipulize kwa mdomo: pumzi ipite bila kukaza mashavu. Ikiwa nzito isivyo kawaida, imejaa tope la mtu mwingine.

"Ni kazi ya saa moja, toa weka." Anayeifanya kwa saa moja ameruka kitu. Ondoa hasi ya betri, acha injini ipoe, mwaga maji. Usivute mpira uliogandamana kwenye bomba la shaba, utalipinda na kulipasua kwenye kiungo. Uchane kwa kisu kwa urefu wake, maana mipira na klipu utaviweka vipya vyote. Kama kebini ni ya kuinuka, toa kwanza kila kitu kilicholegea kwenye dashibodi kabla ya kuiinua. Funika zulia na viti kwa nailoni, ziba midomo ya rejeta kwa tambara kabla ya kuichomoa, kwani ina maji bado. Ndani ya boksi la hita utakuta majani na vumbi, vyote vitoke. Zungushia rejeta mpya sponji ya gundi. Ikikosekana, upepo wa feni hupita pembeni na mtu analalamika hita haina nguvu. Osha injini kwa maji ya presha ndogo, mbele na kinyume, mpaka yatoke meupe, rejeta mpya ikiwa bado haijaunganishwa. Ukiiunganisha kwanza, tope lote la bloku unalimwagia kwenye kifaa ulichokinunua leo.

"Mpya haipashi moto, nimeuziwa feki." Shika mipira miwili, injini ikiwa moto. Wa kupeleka ukiwa moto na wa kurudishia baridi, kuna hewa au valvu haijafunguka. Yote miwili ikiwa vuguvugu, kuna fundi aliyeitoa thamostati "ili injini isichemke". Irudishe, maana injini isiyofika joto lake hunywa dizeli zaidi na kuchakaa haraka. Hewa hutoka hivi: egesha lori pua ikitazama juu ya mteremko, hita kwenye moto kabisa, jaza polepole kifuniko kikiwa wazi, legeza mpira wa juu wa hita mpaka maji yatoke bila kutema, kaza, kisha ndipo uwashe. Angalia kiwango asubuhi tatu mfululizo injini ikiwa baridi kabisa. Kikishuka ya kwanza, ni hewa iliyojitoa. Kikiendelea kushuka ya tatu, rudi kwenye klipu.