Mwali wa Kinavajo na paa lililokatazwa kuzibwa

Nikifundisha miviga ya kuvunja ungo, wanafunzi hudhani mwali lazima afichwe. Kwa Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani (wenyewe hujiita Diné, lile jina la "Wahindi Wekundu" tuliache) ni kinyume. Binti akivunja ungo huwekwa mbele ya watu siku nne. Shughuli yenyewe ni kinaaldá.

Alfajiri hukimbia kuelekea mashariki, kila mara mbali zaidi, na wanaomfuata hawathubutu kumpita: atakayempita, husema, atazeeka mapema. Mwanamke mwenye sifa njema humlaza juu ya mablanketi akamkanda, maana mwili wa mwali huhesabiwa laini kama wa kichanga, bado unafinyangika. Mwali husaga mahindi ya alkaan, keki kubwa inayookwa usiku kucha shimoni, huku watu wakiimba ndani ya hogan, nyumba ya jadi yenye mlango upande wa mashariki. Kukicha nywele zake huoshwa kwa mzizi wa yuka, mmea utoao povu kama sabuni. Keki hukatwa, wote hula, yeye hali.

Shule za bweni za serikali, walikopelekwa watoto wa Kinavajo, zilijua pa kupiga: zilinyoa nywele, zikaadhibu lugha ya nyimbo hizo.

Ila mfano nisioacha kuutaja ni wa paa. Mwaka 1966 kamishna wa serikali, Robert Bennett, alisimamisha maendeleo kwenye ekari kama milioni 1.5 zilizogombaniwa na Wanavajo na majirani zao Wahopi. Kujenga, kuvuta umeme, hata kuziba paa linalovuja, kukawa marufuku bila ridhaa ya pande zote mbili. Amri ilifutwa 2009. Piga hesabu: aliyechezwa mwaka ule angeweza kumshuhudia mjukuu wake akichezwa chini ya paa lilelile.

Mimi siuiti huu ugomvi wa makabila tu. Wapo Wanavajo na Wahopi waliooana na kuuziana mazao na nyama, na mstatili jirani wa ardhi, uliozua kesi nyingine kati yao, ulichorwa na Washington mwaka 1882. Sheria ya 1974 ikaugawa, na Wanavajo zaidi ya 10,000 wakahamishwa, wengi wakaangukia miji ambayo Mnavajo alitazamwa kama mlevi au mwizi kabla hajafungua mdomo. Oveni ya mjini haitoshi alkaan ya kulisha ukoo. Inatakiwa shimo, na shimo huchimbwa mahali ambapo hakuna atakayekuja kukuuliza unachimba nini.