Faragha ya jirani na kamera yako

Faragha ni haki ya mtu kuamua nani aone na nani ajue mambo ya nyumbani kwake. Katiba ya Uganda ya 1995 inailinda katika ibara ya 27, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahesabu kuwa taarifa binafsi kumbukumbu yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, picha za kamera zikiwemo.

Kinachonikera ni kauli ninayoisikia kila polisi wakipita mtaani kutafuta picha za wizi: "Afande, mimi sina cha kuficha, chukua yote." Anayesema hivyo anaamini kwamba faragha anayoitoa ni yake. Haya, tuitazame hiyo "yote". Kamera iko kwenye kona ya ghorofa. Inaona geti, inaona stendi ya bodaboda, kisha inavuka ukuta mpaka kwa jirani: kamba ya nguo, mlango wa chumba cha mpangaji, bafu la mabati lisilo na paa. Usiku nao inaona. Ndani ya kadi ya kuhifadhia picha mmelala siku kadhaa za nani alimtembelea mama wa pale na akaondoka saa ngapi. Mama huyo hakuulizwa.

Kifaa ni chako, umeme unalipa wewe, sikatai. Lakini sura iliyomo ni ya mwenzako, na sheria hiyo ya 2019 inampa haki ya kukuuliza umehifadhi nini kumhusu. Wengine hunijibu kwamba hata serikali ina kamera. Ni kweli, Rais aliziagiza baada ya kuuawa kwa Andrew Felix Kaweesi, afisa wa juu na msemaji wa polisi, Machi 2017. Zile ziliwekwa kulinda barabara; hazikupi wewe ruhusa ya kuchungulia ua wa mtu.

Sheria inakubali pia taarifa zikusanywe bila ridhaa kwa ajili ya kuzuia au kupeleleza uhalifu, na ni sawa kabisa: pikipiki ya kijana ikiibwa, picha zitolewe. Ila wizi huo una siku yake na saa yake. Basi afande akija, muulize tukio lilitokea lini, mnakilie kipande hicho, uandike jina lake na kituo chake. Na kamera yenyewe iinamishe kidogo, iishie kwenye ukuta wako.