Bogenvilia, lile "ua" la kwenye fensi ambalo siyo ua

Pita Area D au Kisasa mwezi wa tisa hivi, Dodoma yote imekauka, vumbi mpaka kwenye meno, ila kuna mageti yamefunikwa na kitu pinki kinawaka utadhani kimepakwa rangi jana. Hiyo ndo bogenvilia. Tunaiita ua lakini hiyo rangi yote unayoiona ni majani, majani laini kama karatasi yaliyobadilika rangi, yanakaa matatu matatu, na ukichungulia katikati utakuta vijiua vyeupe vidogoo kama njiti. Hivyo ndo maua yenyewe, hayo majani yanawaitia wadudu tu.

Asili yake Amerika Kusini. Jina ni la Bougainville, baharia Mfaransa aliyezunguka dunia 1766 mpaka 1769, ingawa aliyeukuta mmea kule Brazili ni mtaalamu wa mimea aliyekuwa naye safarini, Commerson (jina akapewa bosi, kama kawaida).

Inapanda, ila haina vikamba vya kujishikia kama pasheni, inaegemea tu na kunasa kwa miiba, kwa hiyo usipoifunga kwenye fensi mwenyewe itamwagika njiani na kuchana nguo za wapita njia.

Sasa kinachowashinda wengi ni maji. Ikiwa changa mwagilia, sawa, lakini ikishakamata ardhi inataka jua kali na kiu kidogo ndo ichanue, yaani hali yetu ya huku kabisa, mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili halafu basi. Mtu anaimwagia kila jioni kama mchicha, anaongeza na urea, inatoa majani ya kijani mwaka mzima, anaanza kulalamika kauziwa dume. Hakuna dume hapo, imeshiba! Punguza maji, na ikimaliza kuchanua ikate, maana rangi inatokea kwenye matawi mapya.

Kingine mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Yangu ya kwanza niliitoa kwenye kiroba nikakung'uta udongo wote, wiki haikuisha ikafa. Ya pili nilichana kiroba taratibu nikaishusha na udongo wake vilevile, saa hizi iko juu ya bati na mwenye nyumba ananiuliza naikata lini.