Je, wajua kwa nini kioo cha Volkswagen ya zamani kinaingizwa kwa kamba?

Ukipita gereji ukakuta Beetle, yaani hiyo Volkswagen ya zamani, imetoka kupakwa rangi, fundi mmoja kakaa ndani anavuta kamba taratibu na mwenzie yuko nje anapigapiga kioo cha mbele kwa kiganja, simama uangalie, manake hapo ndo gari linarudi kuwa gari. Na swali ni lile lile kila siku, kamba ya nini sasa?

Jibu liko kwenye raba. Magari ya siku hizi kioo cha mbele kinabandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye bodi, ila Beetle na magari mengi ya enzi zile kioo hakigusani na bati hata kidogo, katikati kuna raba nene yenye mifereji miwili, mmoja umeng'ata kioo pembeni pande zote na mwingine unatakiwa ung'ate mdomo wa bati la dirisha. Tatizo ni kwamba ulimi wa raba unaotakiwa ukae ndani ya gari wewe unauleta toka nje, mkono haufiki, na ukilazimisha kwa bisibisi utachana raba au utakwaruza rangi mpya. Kwa hiyo unalaza kamba ya nailoni ndani ya ule mfereji wa bati, unazungusha kioo chote, ncha mbili zinapishana chini katikati kama shubiri moja hivi. Kioo kinawekwa toka nje, ncha zinaingizwa ndani, halafu ukivuta, kamba inauinua ule ulimi na kuuvusha juu ya bati kidogo kidogo, chini kwanza, kisha kona, kisha juu. Ukiangalia kwa karibu utaona raba inapinduka kama mdomo wa soksi, inaruka bati, inakaa.

Kabla ya kuvuta pakaza sabuni ya maji. Grisi na oili kaa nazo mbali kabisa, zinavimbisha raba asilia na baada ya muda inakuwa laini kama imeoza. Sisi wa pwani tuna bahati nyingine, raba ukiianika juani nusu saa inalainika yenyewe. Halafu kama Beetle yako ni ile yenye ukanda wa kromi kwenye raba, ukanda unaingia wakati kioo bado kiko mezani, ukishakiweka kwenye gari ndo ukaukumbuka utateseka sana.

Kwa nini kiganja na sio nyundo, hata ya mpira? Kwa sababu kioo kinaogopa pembeni kuliko katikati. Vioo vya milangoni ni vya kuimarishwa kwa moto, yaani vilipashwa moto sana halafu vikapulizwa upepo wa baridi ghafla, ngozi ya juu ikabanwa na kiini cha ndani kikabaki kinavutana, ndo maana unaweza kuvigonga katikati visifanye kitu lakini kidonda kidogo tu pembeni kinaamsha ule mvutano wote na kioo kinamwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Kile cha tabaka, ambacho mara nyingi ndo kinawekwa mbele, ni vioo viwili vimeshikana na utando katikati, hicho hakimwagiki ila kinapiga ufa. Hiyo ya tabaka ni kazi ya mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliyeisajili mwaka 1909, na inasimuliwa kuwa wazo lilimjia baada ya chupa ya maabara yenye utando wa kemikali ndani kudondoka ikavunjika bila kutawanyika.

Hilo la pembeni mimi nimelishuhudia kwa uchungu. Beetle ya marehemu baba mkubwa, ya mwaka 1969, imekaa Tanga miaka yote kwenye upepo wa chumvi, mdomo wa bati chini ya kioo cha mbele ulikuwa umeliwa na kutu ukachomelewa upya. Fundi alisaga vizuri lakini kikabaki kidonge kimoja cha kuchomelea, kidogo kuliko punje ya mchele, na rangi ikapita juu yake. Kamba ilipofika pale kona ya chini kulia tukasikia mlio mmoja tu, ufa ukapanda mpaka juu. Tangu siku ile kabla ya raba kukaa napitisha kidole mdomo wote wa bati, kuzunguka, nimefumba macho, manake kidole kinaona kuliko jicho kwenye hiyo kazi.

Ila kioo hakiji kwanza, kwanza ni milango, na hapa ndo watu wengi wanapoharibu gari. Bodi ya Beetle ni kipande chake na chasi ni kipande chake, vimefungwa kwa bolti kuzunguka pembeni. Kwenye ubavu, chini ya mlango, kuna boksi refu la bati linalofanya kazi mbili kwa mpigo, linapeleka hewa ya moto toka injini ya nyuma mpaka mbele, na hilo hilo ndo uti wa mgongo wa ubavu wa gari. Ndilo linaoza kwanza. Ukilikata kulibadilisha bila kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, bodi inajikunja, uwazi unabana au unapanuka, na mlango uliofunga vizuri miaka hamsini unakataa. Hapo hakuna bawaba itakayokuokoa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, bodi ifungwe kwenye chasi, bolti zikazwe zote, gari lisimame juu ya magurudumu yake, ndo mlango ujaribiwe, tena kabla ya rangi. Uujaribu bila kitasa kwanza uone mwanya wenyewe, uwe sawa juu, nyuma na chini, kipande kimoja cha kadibodi kipite kila mahali kwa ugumu ule ule. Bawaba za Beetle zinashikwa na skrubu kubwa za kichwa cha nyota zinazoingia kwenye bati linalocheza ndani ya nguzo, ukilegeza kidogo mlango unaweza kusogea huku na kule. Skrubu hizo zikishashika kutu bisibisi ya kawaida itazila vichwa, tafuta ile ya kugonga kwa nyundo.

Na jambo ambalo mafundi wazuri hawalisemi mpaka uwaulize, mlango mtupu na mlango wenye kioo sio mlango mmoja. Ukishaweka kioo, mashine ya kupandishia, kile kioo kidogo cha pembetatu na fremu yake, mlango umeongezeka uzito na sehemu ya nyuma inashuka. Kwa hiyo ukiwa mtupu unauacha nyuma umenyanyuka kidogo, milimita moja hivi, na uzito wenyewe unauleta mahali pake. Ukiushika nyuma ukaunyanyua ukasikia unacheza, pini za bawaba zimekwisha, rekebisha hizo kwanza manake kuhamisha bawaba kutaficha ugonjwa tu.

Kuna lingine linaloshangaza watu, maji ya mvua yanaruhusiwa kuingia ndani ya mlango. Ile raba inayofuta kioo kikishuka haizuii yote, yanateremka na kioo mpaka chini na kutokea kwenye matundu madogo. Fundi rangi akiyaziba kwa puti bila kujua, mlango unakuwa ndoo na kutu inaanza upya. Chukua waya uyachokonoe yote kabla hujafunga kitambaa cha mlango, na nyuma ya kitambaa bandika nailoni nzima isiyo na tundu, hiyo ndo inayozuia ubao wa kitambaa usilowe.

Mwisho unaweka raba mpya za mlango, na hapo unashtuka, mlango uliokuwa unafunga kwa kidole sasa unaurudisha kwa nguvu na bado unaruka. Usiguse bawaba, usihamishe kitasa. Raba bado ngumu, na Beetle ikiwa nzima inabana hewa kiasi kwamba hewa ya ndani yenyewe inasukuma mlango nje, hata wenye nazo zamani walikuwa wanashusha kioo kidogo ndo wafunge. Shusha kioo vidole viwili, funga, acha gari juani limefungwa wiki mbili raba zichukue umbo la bati, halafu urudi ujaribu tena.