Ukimtafuta babu mtumwa Louisiana, anza na bwana wake

Wakreoli wengi wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani (jamii iliyotokana na Waafrika, Wafaransa na Wahispania), hurudi nyuma vizuri hadi sensa ya 1870, halafu njia inazibwa. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina wale waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la bwana. Chini yake ni umri, jinsia na rangi tu.

Jina la ukoo lisikudanganye. Wengine walichukua la bwana wa mwisho, wengine la bwana wa zamani, wengine la baba. Isitoshe, makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, jina la Kifaransa Hébert likawa Abear. Mimi huanzia fomu za Benki ya Freedman, benki ya watumwa walioachwa huru, 1865 hadi 1874, tawi la New Orleans, zinazosomwa bure kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch. Mwenye akaunti aliulizwa pa kuzaliwa, wazazi na ndugu, na katika fomu za mwanzo hata jina la bwana na shamba. Akikosekana humo, tazama majirani zake wa 1870 wenye ardhi ya thamani kubwa, kwani wengi walibaki kuwafanyia kazi mabwana walewale.

Bwana akishajulikana, Louisiana ina utajiri wa karatasi. Sheria ilimhesabu mtumwa kuwa mali isiyohamishika, sawa na shamba, hivyo mauzo yake yaliandikwa mbele ya notari, yaani mthibitishaji rasmi wa mikataba. Hata hivyo, usikimbilie mauzo. Tafuta kwanza faili la mirathi ya bwana katika mahakama ya parishi (huko parishi ni wilaya ya serikali, si ya kanisa pekee). Bwana alipofariki, kila mtu shambani alikadiriwa bei siku moja, na familia huonekana zimekaa pamoja. Mstari wa mfano: “Marie, créole, miaka 28, na wanawe Jean, 7, na Françoise, 3.” Tangu 1806 ilikatazwa kumuuza mtoto wa chini ya miaka kumi mbali na mama yake. Kwa hiyo mwenye miaka kumi na moja aliyeandikwa peke yake huenda mama yake yuko mistari mitatu juu. Baba mara nyingi hatajwi kabisa.

Neno “créole” humo si chotara. Ni mzaliwa wa huko, hata wazazi wote wawili wakiwa Waafrika. Aliyeletwa kutoka Afrika aliandikiwa kabila: Bambara, Congo, na mara nyingine Macua, yaani Wamakua, ambao leo wako kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Hifadhidata ya mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall, yenye rekodi zipatazo 100,000 hadi 1820, inakuruhusu kuwatafuta kwa kabila. “Congo” ichukue kwa tahadhari, lilikuwa kapu la watu wengi.

Daftari za ubatizo wa Kikatoliki hutaja mama, bwana na wasimamizi, ambao mara nyingi walikuwa watumwa wa shamba hilohilo. Lugha zinapishana: Jean wa Mfaransa ni Juan wa enzi ya Wahispania na John wa Mwingereza. Linganisha mama na umri, na uruhusu tofauti ya miaka mitano, kwani umri ulikisiwa.

Kipimo cha vinasaba (DNA) kiache mwisho. Familia hizi zimeoana vizazi kwa vizazi, hivyo binamu wa mbali huonekana kwenye majibu kama binamu wa karibu.