The Revenant: Theluji ile ingemuua kabla ya adui

Nafundisha huduma ya kwanza ya porini kwa waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro, na filamu ninayoulizwa kila mara ni The Revenant, ile ya 2015 iliyompa Leonardo DiCaprio Oscar yake. Mtu aliyeraruliwa na dubu akaachwa porini anaweza kweli kupona vile? Jibu langu huwakera wengi: Hugh Glass wa kweli alipona, wa kwenye filamu asingefika mbali.

Glass alikuwa mtegaji wa wanyama wa manyoya. Agosti 1823 dubu alimrarua karibu na Mto Grand, eneo ambalo leo ni South Dakota. Wawili walioachwa wamwangalie hadi afe walichukua bunduki yake wakaondoka. Akatambaa, kisha akachechemea, zaidi ya kilomita 300 hadi Fort Kiowa, kituo cha biashara ya manyoya kwenye Mto Missouri. Lakini hebu angalia mwezi. Agosti huko ni majira ya joto, na nchi yenyewe ni mbuga ya majani, yenye matunda ya porini na mizizi inayochimbika. Filamu ikamtupa kwenye theluji, na theluji ilipowaishia Kanada, watengenezaji wakaifuata hadi ncha ya kusini ya Argentina. Picha ni nzuri mno, sibishi. Ila mwili wa binadamu haujali picha.

Chukua tukio la mtoni. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 haraka kuliko hewa yenye baridi ile ile. Ukitumbukia kwenye maji yanayokaribia kuganda, dakika ya kwanza yote ni kugombana na pumzi: unahema kwa nguvu bila kutaka, na ukivuta maji umekwisha. Kwa dakika kama kumi hivi vidole bado vinakutii. Baada ya hapo huwezi hata kufunga zipu, sembuse kuwasha moto kwa jiwe. Ikikaribia saa moja, fahamu zinapotea. DiCaprio anaelea na manyoya mazito mwilini, anatoka, anaota moto. Waongozaji waliowahi kumshusha mgeni aliyenyeshewa akiwa na fulana ya pamba huanza kucheka kabla sijasema neno.

Ile ya kulipua baruti shingoni ili kufunga jeraha nayo ni hasara. Moto unaweza kuziba damu, lakini unaacha nyama iliyokufa, ambayo ni karamu ya vijidudu. Simulizi za zamani zinadai Glass aliacha mabuu yale nyama iliyooza, na kitabibu hilo linaingia akilini zaidi. Daktari William Baer aliona katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba majeraha yenye mabuu yalikuwa safi ajabu, baadaye akayatumia kwa wagonjwa Baltimore. Marekani iliyaidhinisha rasmi kama tiba mwaka 2004. Lakini nani atakata tiketi kutazama mabuu?

Tukio ninalolipenda ni la kulala ndani ya farasi aliyekufa. Watu wote hutazama matumbo yanavyotolewa. Mimi natazama nguo. Kabla ya kuingia ndani ya mzoga anavua zote, na hapo ndipo aliyeandika alijua anachofanya. Nguo iliyolowa inaendelea kukuibia joto hata ukiifunika. Mzoga una joto lililobaki, ndiyo, lakini zaidi unamkinga na upepo na kumtenga na ardhi. Sisi tuna godoro na mfuko wa kulalia, na bado nakuta mgonjwa ameingizwa humo na suruali inayochuruzika maji, eti anaona haya kuvua. Vueni!

Kisasi si taaluma yangu. Ila kwa wanaouliza: mtoto wa Glass, ambaye kwenye filamu analipiziwa kisasi, hayumo katika kumbukumbu za maisha yake. Na alipompata Fitzgerald, mmoja wa wale wawili waliomwacha, kwenye kambi ya jeshi ya Fort Atkinson, jamaa alikuwa ameshajiunga na jeshi, na kumuua askari kungemletea Glass balaa. Akarudishiwa bunduki yake, akaenda zake.